Mtoto wa miaka minne mitano anasoma kama maji, sasa nyumbani umfundishe nini?

Wazazi wenzangu, hii ni kwa wale ambao mtoto hajafika darasa la kwanza, yuko nyumbani kwa sababu zenu mnazozijua wenyewe, ada, umbali, afya au mmeamua tu, na tayari anasoma. Sio kukariri kile kitabu kimoja alichosomewa mara mia, anasoma kweli, ukimpa gazeti anashuka nalo, ukipanda nae daladala anakusomea mabango yote kuanzia Mwenge mpaka Posta abiria wanageuka kumwangalia. Alafu mzazi unabaki unajiuliza, kile ambacho chekechea wanafundisha mwaka mzima huyu keshamaliza, sasa mi nimfundishe nini?

Hajamaliza. Kamaliza kipande kimoja, na kwa bahati ndo kipande ambacho Kiswahili kinakirahisisha sana. Angalia, vokali zetu ni tano na kila moja ina sauti ile ile popote utakapoikuta, silabi karibu zote zinaishia na vokali, kwahiyo mtoto akishashika ba be bi bo bu, akajua ch, sh, ny, dh, th, gh, akajua kwamba ng' ya ng'ombe sio ng ya ngoma, na ile m inayosimama peke yake kwenye mtu na mgonjwa, basi hamna neno la Kiswahili litakalomshinda kutamka. Hata "yatakayotekelezwa" atalipiga vipande vipande mpaka limalizike. Mtoto anayeanzia Kiingereza anahangaika miaka kadhaa kufika hapo. Sasa bibi na mashangazi wakisikia mtoto wa miaka minne anasoma "Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni" kwenye ukuta wanaanza kusema huyu atakuwa daktari, sawa, inshallah, lakini kutamka na kuelewa ni vitu viwili.

Mwaka 1986 kuna wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza hili kwa hesabu fupi ambayo mi huwa naitumia sana: kuelewa unachosoma ni sawa na kutambua maneno mara kuelewa lugha. Ni mara, sio jumlisha. Kama kutamka kwake ni kumi na lugha yake ni sifuri, jibu ni sifuri. Kwahiyo kazi yako nyumbani sasa hivi sio kumpa maneno marefu zaidi ya kutamka, ni kuukuza huo upande wa pili, na pembeni kuna mkono wake na hesabu ambazo bado ni za mtoto wa umri wake hata kama mdomo unasoma kama wa darasa la nne.

Kwanza jua yuko wapi

Usimpime kwa kumsikiliza anavyosoma kwa sauti, hapo atakudanganya bila kukusudia. Mpe kitu kifupi ambacho hajawahi kukiona, aya moja tu, akishamaliza funika, mwambie "nihadithie, mi sijasoma". Akikurudishia maneno yale yale ya kitabu kama kasuku, uliza kwa nini. Kwa nini sungura alikimbia? Unadhani kesho yake ilikuwaje? Majibu hayo ndo kipimo.

Mfano wa juzi hapa nyumbani. Binti kashika gazeti lililofungiwa maandazi, anasoma kichwa cha habari, "Serikali yatenga mabilioni kwa ajili ya barabara", kasoma vizuri hakukosea hata moja. Nikamuuliza, sasa Serikali imefanya nini? Akanijibu wameweka chakula mezani. Ukifikiria yuko sahihi kabisa, nyumbani kila siku anasikia "nenda katenge chakula", kwake kutenga ni sahani na mezani. Hapo sikumwambia umekosea, nilimuuliza chakula kikishatengwa cha baba kinawekwa wapi, akasema pembeni, basi na Serikali imeweka hela pembeni za barabara. Dakika mbili, somo limeisha, na hilo neno sasa analo kwa maana mbili. Masomo ya aina hii ndo nayoyaongelea, hayana daftari, yanataka tu mtu mzima wa kuuliza "maana yake nini" na kusubiri jibu bila haraka.

Kanga nazo msizidharau. Kila nyumba ina maandishi hayo bure, yamefumba maana, na mtoto anayesoma atakuja kukuuliza tu. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ataisoma vizuri kisha atataka kujua nani anasafiri. Mweleze. Zile za vijembe vya mashoga wa mama ziweke chini kwenye sanduku, maana atazisoma kwa sauti siku ambayo mlengwa yupo sebuleni.

Endelea kumsomea wewe

Hapa ndo wengi wanapoachia, mtoto akishajua kusoma mzazi anapumua, ajisomee mwenyewe. Hapana. Akisoma mwenyewe anasoma kiwango chake, ukimsomea wewe unampa lugha ya kiwango cha juu ambayo peke yake asingeiweza, na lugha ndo ule upande wa pili wa ile hesabu. Kila siku jioni, hata robo saa. Soma, simama, muulize anaonaje, endelea. Na hadithi za mdomo zisife, paukwa pakawa, kitendawili tega, kama bibi yuko Tanga au Lindi mpigie umuweke loudspika amuhadithie mjukuu wake. Kitendawili ni zoezi kali sana la kuelewa kuliko unavyodhani, mtoto inabidi aone kitu kisichosemwa, "nyumba yangu haina mlango" alafu jibu ni yai, kichwa kinafanya kazi hapo.

Vitabu vya kumpa asome mwenyewe ndo malalamiko ya kila mtu, Kiswahili vya watoto vichache, bei imepanda. Kuna njia. African Storybook, mradi wa shirika la Afrika Kusini linaloitwa Saide ulioanza 2014, wana hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, unasoma bure kwenye simu au unapakua ukaprinti kwenye duka la steshenari. StoryWeaver ya Pratham Books wa India nao wanazo za Kiswahili, zimepangwa kwa viwango kuanzia cha kwanza mpaka cha nne, nzuri kwa mtoto anayekua haraka. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Na kama uko Dar, Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, ina sehemu ya watoto, mpeleke akachague mwenyewe, kuna kitu kinabadilika kwa mtoto akishachagua kitabu kwa mkono wake. Wale wa vitabu vya mitumba wanaopanga chini pale Posta nao usiwapite.

Kuhusu kiwango, ushauri wangu utawaudhi wengine: anaweza kusoma cha darasa la tano, mpe cha picha. Au vyote viwili. Vitabu vya wakubwa vina mambo ya wakubwa, vifo, mapenzi, vita, na mtoto wa miaka mitano anayavuta yote anaenda kulala nayo. Mimi hupendelea vya maarifa, wanyama, mwili, jinsi mvua inavyonyesha, maana hapo anaweza kupanda juu anavyotaka bila kukutana na yasiyo ya umri wake. Na maandishi yaliyozagaa nyumbani, pakiti ya unga wa uji inayoeleza maji vikombe vingapi, mwache asome maelekezo wewe ufuate anachosema, akiruka mstari uji unaharibika na anajua kwa nini.

Kiingereza

Wengi mnataka Kiingereza haraka kwa sababu ya usaili wa shule za mchepuo wa Kiingereza, sipingi. Ila jueni mtoto anayesoma Kiswahili vizuri atakisoma Kiingereza kwa Kiswahili, na kuna maneno yatamtega kabisa kwa sababu kwa macho yanafanana na yetu: "pole", "pale", "mate", "wake". Ataona "mate" kwenye kitabu cha Kiingereza acheke mpaka aanguke. "Same" kwake ni ile ya Upareni anakotoka babu. Usimkemee, hajakosea kusoma, kasoma kwa kanuni anayoijua. Anza kwa masikio kwanza, nyimbo, mazungumzo, aijue lugha kwa mdomo, alafu mwambie wazi kwamba Kiingereza kina kanuni zake, ile e ya mwisho hapo haitamkwi ila inabadilisha vokali iliyotangulia. Weka vitabu vya Kiingereza kwenye boksi lao na muda wao. Watoto wa huku pwani wanaoenda madrasa wameshazoea hili, anajua kabisa juzuu inaanzia kulia na daftari la nyumbani linaanzia kushoto na hachanganyi, kwahiyo msiwaonee huruma kupita kiasi.

Mkono uko nyuma, na ni kawaida

Mtoto anasoma sentensi ya maneno kumi na tano, mwambie aandike jina lake analia. Wazazi wanadhani ni uvivu. Sio uvivu, vidole havijapata nguvu, macho na mdomo vimetangulia. Kwahiyo usioanishe kuandika na kusoma kwake. Mpe vitu vya vidole: kuchambua mchele, kumenya karanga, kukamua vitambaa vidogo, udongo wa kufinyanga, mkasi na magazeti ya zamani, kutunga shanga. Herufi aandike kubwa kwa chaki kwenye sakafu au kwa kidole kwenye mchanga kabla ya penseli. Penseli iwe fupi, kile kipande ambacho wewe ungekitupa ndo kinamkaa vizuri mkononi. Anayetumia kushoto aachwe na kushoto kwake, tafadhalini.

Akishaanza kuandika, imla ya sentensi moja kwa siku inatosha, tena sentensi ya kumfurahisha, "Paka amelala juu ya godoro la baba." Hapo utaona jambo: kwenye kusoma hakosei lakini kwenye kuandika anaandika anavyosikia, na nyumbani kwenu kama mnachanganya l na r basi atakuandikia "nimepoteza karamu" na sherehe haikuwepo. Dhambi inakuwa zambi, thamani inakuwa samani. Usizungushie wino mwekundu kila mahali, chagua kosa moja tu, mrudishe kwenye kitabu alitafute hilo neno mwenyewe, anasoma vizuri si ndio? Basi atumie kusoma kwake kujisahihisha. Na kutenganisha maneno, "nime kuja", "ana kula", hilo lirekebisheni mapema kwa sababu watu wazima wenyewe kwenye meseji limeshawashinda.

Hesabu zisibaki nyuma

Mtoto anayesoma sana hupenda kusoma tu, na mzazi anafurahi, miezi inapita hesabu haijaguswa. Ukimpa kitabu cha hesabu ataisoma "saba jumlisha nane" kwa sauti nzuri na jibu hana. Fanya kwa vitu. Kwetu ameajiriwa kwenye luku. Ukinunua umeme unaletewa namba 20, zimepangwa nne nne, yeye anasoma, mwingine anabonyeza, alafu unamuuliza makundi mangapi, nne ngapi zinafika ishirini, nusu ya njia ni wapi. Akikosea namba moja mita inakataa, hamna haja ya mtu kumwambia amekosea.

Dukani mpe sarafu, za 50, 100, 200 na 500, chumvi shilingi ngapi, nikikupa buku chenji ngapi. Jero na buku atazijua mtaani hata usipomfundisha. Saa nayo inataka uvumilivu, kwa sababu mshale mfupi uko kwenye 7 na sisi tunasema saa moja, na mtoto anayesoma ndo anabisha zaidi, anakwambia pameandikwa saba! Njia rahisi ni kumwonyesha kwamba saa yetu iko upande wa pili wa duara, 7 inatazamana na 1, 8 inatazamana na 2, afuate mstari unaokatiza katikati. Dakika zinabaki pale pale. Akishaielewa hiyo hana shida na saa ya simu wala ya ukutani.

Ratiba, na mzazi anayeenda kazini

Msigeuze nyumba kuwa shule. Mtoto wa miaka mitano kukaa mezani ni dakika ishirini, pumzika, nyingine ishirini, baada ya hapo unapigana nae tu. Siku nzima iliyobaki acheze nje achafuke, agombane na wenzie wapatane, hilo nalo halipo kitabuni na mtoto msomaji ana hatari ya kujificha kwenye vitabu akiona wenzie wanamchosha. Tafuteni watoto wa jirani, wa kanisani, wa madrasa, mabinamu.

Kama wewe na mwenzio mnatoka asubuhi mnarudi saa mbili usiku na mtoto anabaki na dada, usimpe dada kazi ya ualimu juu ya kazi zake, hajalipwa kwa hilo. Mpe kazi ya kusikilizwa: mtoto amsomee dada wakati anapika, kisha dada aulize "ehe, ikawaje?" Basi. Hata kama dada mwenyewe hajasoma sana anaweza kuuliza ikawaje, na mtoto akiona mtu hajui hadithi anaieleza kwa bidii zaidi kuliko anavyokueleza wewe ambae anajua umeshaisoma. Mambo ya kuandika na hesabu yasubiri jioni au wikendi. Katuni za Ubongo, wale wa Dar wanaotengeneza vipindi vya kufundisha watoto, zinaruhusiwa kwetu kwa muda maalumu, ila simu ikishaisha muda inaondoka, mtoto msomaji akibaki na simu atasoma na meseji zako za M-Pesa.

Lini umpeleke kwa daktari

Hii naisema polepole. Kuna watoto wanasoma mapema mno, wanavutiwa na herufi na namba kuliko watu, lakini ukiwaita hawageuki, hawaombi kitu kwa maneno, wanarudia sentensi ulizosema badala ya kujibu. Kusoma kwa namna hiyo kuna jina, haipaleksia, limetumika tangu 1967, na mara nyingine huambatana na usonji. Sio kila msomaji wa mapema yuko hivyo, wengi ni watoto tu wanaopenda vitabu, lakini ukiona hayo ya mawasiliano usijifariji kwamba mbona anasoma gazeti. Muone daktari wa watoto, umweleze yote mawili, anavyosoma na anavyoongea.

Sheria na siku ya kwenda shule

Kwa Tanzania, Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifika miaka saba awe ameandikishwa shule ya msingi, kwahiyo haya yote ni ya kabla ya hapo, na baada ya hapo ni ya jioni na likizo. Kenya nako Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamdai mzazi ampeleke mtoto shule, hivyo mliopo Mombasa au Nairobi msije mkasema mliambiwa Dar kuna ruhusa.

Siku mnaenda kuandikisha, shule nyingi wakisikia anavyosoma watakwambia tumrushe darasa. Msikimbilie. Angalia mkono wake, angalia anavyokaa na watoto waliomzidi miaka miwili, angalia anavyoweza kufunga kamba za viatu na kwenda chooni mwenyewe bila kusubiri mtu. Mi ningependelea abaki na wenzie, na mwalimu aombwe vitu viwili tu: akimaliza kazi mapema aruhusiwe kitabu, na asigeuzwe mwalimu msaidizi wa kusomesha wenzake kila siku, maana atachoka na wenzake watamchukia. Nenda na daftari lake la imla, na orodha ya vitabu alivyosoma, mwalimu aone mwenyewe badala ya wewe kusimulia. Na cheti cha kuzaliwa mkitafute mapema, ndo kitu cha kwanza mtakachoulizwa mlangoni.